Dakika Kumi na Moja za Fundi Saa

9 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama la kushoto, ambalo limekataa ngazi lakini halijakataa kwenda kwa majirani. Binti yetu amehamia bweni la chuo, kwa hiyo nyumba imebaki na wanawake wawili na saa kumi na tisa ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Mimi hutia ufunguo zile nne za ukutani kila Jumapili. Sijui kwa nini. Zikinyamaza, Mama huuliza nani ametoka.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Mama huninyang'anya, na jambo lenyewe linataka utulivu.

Unakijua kile kinasa sauti kidogo alichokuwa akikiweka marehemu juu ya meza ya kazi, karibu na kopo la bisibisi ndogo? Ndani yake nimekuta jioni moja nzima ya kaka yako na gitaa lake. Hakuzima kati ya wimbo na wimbo. Yote ni faili moja, ndefu kama kamba ya kuanikia nguo. Nikitaka kusikia wimbo wa nne nikiwa napiga pasi, napapasa kwa kidole kama kipofu, na mara nyingi naangukia mahali anapokohoa.

Wewe una kompyuta ofisini. Nakuomba utafute programu ya kuikata hiyo faili, kila wimbo usimame peke yake, ili Septemba tukitimiza mwaka tangu atutoke watu wasikie. Nakala yake nimeitia kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya bahasha hii, nitakayomkabidhi dereva wa basi la asubuhi.

Ila nina masharti. Unaijua kazi yangu ya chumba cha mashuka hospitalini: yakienda kufuliwa mia, yarudi mia, hata lenye tundu. Faili hii ina saa mbili kamili. Kikohozi, kiti kinacholia, saa zinazogonga ukutani, vyote ni vyake. Usitupe kitu. Na usiipeleke kwenye mitandao ya watu. Sauti ya mume wangu isiende kulala kwa wasionijua.

Mama anauliza kama bado unakonda.

Mimi wifi yako

*

2 Machi

Wifi,

Mwambie Mama sikondi, vioo vya huku ndivyo vyembamba. Nami ni mzima, kazi ni ile ile ya kuandikisha wanafunzi ambao majina yao hayalingani na vyeti vyao. Bahasha ilifika imefungwa kwa gundi, uzi na utepe. Bwana Waya, jamaa wetu wa kompyuta hapa ofisini, aliniuliza kama nimetumiwa almasi.

Tumejaribu programu tatu. Ya kwanza ni nzuri kwa sura, ina vitufe vya rangi kama duka la peremende, lakini ni ya majaribio. Kila baada ya dakika kumi anaingia mwanamke katikati ya wimbo na kushukuru kwa kuitumia. Kaka anaimba, mwanamke anashukuru. Nikamwambia Bwana Waya, "Huyu hatumtaki, kaka yangu alikuwa na mke mmoja na mdomo wake ulitosha." Usinune, ni utani.

Ya pili inakata yenyewe. Unaiambia tu, kila ukikuta kimya, kata. Tulikwenda kunywa chai, tukarudi tukakuta vipande arobaini na kimoja. Kaka alikuwa akisita, akikaza uzi, akivuta pumzi, na yenyewe inadhani wimbo umekwisha. Kipande cha kumi na saba ni kikohozi kitupu. Kimepewa namba yake kama wimbo kamili.

Ya tatu haina urembo na haiulizi kitu. Inaichora sauti kwenye kioo, panapopigwa kwa nguvu panainuka mlima, panapotulia panakuwa bonde. Wewe mwenyewe unaweka alama bondeni na kukata kwa mkono. Bwana Waya anasema haiipiki sauti upya, inapasua tu kama mtu anayepasua kitambaa kwenye mstari wake. Itachukua muda. Kuna ya nne ya mtandaoni, unapeleka faili kwao wanakukatia, lakini nimekumbuka amri yako.

Chagua wewe. Usije ukasema baadaye.

Wifi yako

*

20 Machi

Wifi yangu,

Twashukuru, barua yako tuliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kwa ajili ya Mama. Pale penye mdomo wangu nilipasoma haraka.

Chagua ya tatu. Kisu kinachokata chenyewe sikitaki nyumbani mwangu. Ila kile kikohozi cha kumi na saba nitumie, tafadhali, hata kama ni kwenye programu mbaya.

Kinasa chenyewe ninacho hapa kwenye kopo lake, na Jumapili niliufikia wimbo wa tatu nikiwa na Mama. Aliweka sikio kwenye spika, unajua la kulia ndilo linalosikia kidogo. Akasema, "Hapa kuna mtu anaitwa." Nikamwambia, "Hakuna maneno hapo Mama, ni gitaa tu." Akasema, "Nimekwambia anaitwa," akaenda zake kwa jirani.

Nasubiri. Kata bila haraka.

Wifi yako

*

5 Mei

Wifi,

Najua nimechelewa. Ulikuwa msimu wa kuandikisha, na baadaye nikaugua mafua, na baadaye, basi tu. Pole kwa kusubiri. Mpe Mama dawa ya kuchua niliyoweka ndani, ni ya goti, asije akaipaka kichwani kama ile ya mwaka juzi.

Kadi hii ina nyimbo kumi na tatu. Nimezipa majina kwa maneno yanayoanzia. Ule wa tatu hauna maneno, nimeuandika "Haina Jina". Nilikata kwa mkono, jioni baada ya kazi, nikiwa nimevaa vile visikizio vikubwa, wenzangu wakidhani nasikiliza mahubiri. Kikohozi kipo mwanzoni mwa wimbo wa tano. Hewa tupu iliyokuwa kati ya nyimbo niliipunguza kidogo, maana watu Septemba hawatakuja kusikiliza hewa.

Nimemaliza. Usiniombe nirudie.

Wifi yako

*

19 Mei

Wifi yangu,

Salamu. Goti limepata nafuu, dawa ilipakwa mahali pake, nilisimamia mwenyewe. Nyimbo zinasikika safi. Ule wa nane umenifanya nikalie ndoo iliyogeuzwa, pasi mkononi, mpaka nikanusa shuka likiungua.

Nakushukuru kwa moyo wote. Sasa naomba unisaidie hesabu.

Nimeandika urefu wa kila wimbo nyuma ya kalenda. Jumla ni saa moja na dakika arobaini na tisa. Faili ilikuwa saa mbili. Zimepungua dakika kumi na moja.

Unasema hewa. Nikasema sawa, kaka yako alikuwa mtu wa kutulia. Lakini katika wimbo wa nne saa kubwa ya ukutani inagonga saa kumi. Katika wimbo wa tisa inagonga saa kumi na moja. Kutoka mlio huu hadi ule nimepima dakika arobaini na tisa. Wifi, ile saa aliitengeneza yeye. Kituo cha afya kizima kilikuwa kinapiga simu kumuuliza imefika saa ngapi. Haikuwahi kukimbia. Kwa hiyo hewa uliyotupa haikutawanyika huku na huku kati ya nyimbo kumi na tatu. Yote imetoka ndani ya saa hiyo moja. Nami nadhani imetoka mahali pamoja.

Nilitaka kulinganisha na kinasa, nikashindwa kukibonyeza. Nitakwambia ukweli, niliogopa.

Kinasa kinaonyesha kwamba ni tarehe 24 Agosti. Ndiyo siku uliyokuja kututembelea. Uliingia kwa mlango wa ua, macho mekundu. Nikakuuliza, ukasema ni vumbi la njiani. Nikakupa kitambaa changu cha buluu ujifute. Hukukirudisha, lakini si neno. Neno ni kwamba siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuanikia viatu. Vumbi lilitoka wapi?

Sikutuhumu. Nauliza tu, kama ninavyouliza dobi.

Wifi yako

*

28 Mei

Wifi,

Sisi wazima.

Umeniita dobi, nami nimefua. Sasa nikuulize wewe mwenye shuka.

Unasema kinasa kinaonyesha tarehe 24 Agosti. Faili uliyonitumia inaonyesha imetengenezwa tarehe 11 Oktoba. Kaka alikuwa na majuma manne kaburini. Nani alikuwa anarekodi?

Jingine. Programu ile uliyoichagua mwenyewe inaonyesha kila kitu. Wimbo ukiisha, mlima unashuka polepole mpaka bondeni, kama mtu anavyotembea. Mwisho wa faili yako haushuki. Kuna ukuta. Uzi bado unalia, halafu hakuna kitu kabisa, hata zile saa. Nilimwita Bwana Waya aangalie. Akasema, "Hapa mkasi umeshapita, dada. Si wako?" Nikamwambia si wangu.

Saa mbili kamili! Toka lini kaka akaacha gitaa kwa wakati uliotimia hivyo?

Wifi yako

*

30 Juni

Wifi,

Barua yako nimeipata.

Mama hajambo. Mvua zimekatika. Mteja mmoja amekuja kuchukua saa yake, zimebaki kumi na nane.

Umeniuliza swali. Mimi nilianza kuuliza.

Mama anasema tunaandikiana kama watu wa mahakamani, na kwamba marehemu hawezi kuja kutoa ushahidi. Nimemwambia hayamhusu. Akasema, "Mwana wangu, mkwe wangu, binti yangu. Yanamhusu nani, posta?"

Mke wa kaka yako

*

14 Julai

Wifi yangu,

Nimeianza barua hii mara nne na kuichana. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Siku ile sikuanzia nyumbani. Niliingia kwa mlango wa barabarani, moja kwa moja kwenye karakana, nimtanie kwanza. Alikuwa na gitaa mapajani. Sikujua kama kinasa kimewashwa. Nilijua mwezi wa Machi, kwenye kompyuta ya ofisi, niliposikia mlango na sauti yangu mwenyewe ikisema hodi.

Dakika kumi na moja ni sisi wawili. Ananiambia daktari amemwambia moyo umechoka. Nasema, "Mkeo anajua?" Anasema, "Kutwa anahesabu mashuka ya wagonjwa, unataka nimwongezee la kwangu?" Nikasema usipomwambia nitamwambia mimi, leo leo, nikivuka ua huo. Akasema, "Humwambii. Tangu utotoni hujawahi kunichongea, uanze sasa na meno ya bandia?" Nami nikacheka. Wifi, hapo ndipo sipawezi. Unanisikia nacheka. Halafu nalia, halafu naahidi. Anasema atakwambia mwenyewe, baada ya mtihani wa binti.

Nikatoka, nikazunguka nje kwenye mvua, nikaingia kwa mlango wa ua na vumbi langu.

Alipokufa nikasema sasa nimwambie nini, na kwa faida gani. Kadi yako ilipokuja nilikaa nayo miezi miwili, si mafua. Niliitafuta programu ambayo ingenifanyia jambo hilo bila mimi kushika mkasi. Ile ya pili ilinikatia mazungumzo yetu vipande tisa ikavipanga kwenye orodha, namba kumi na nane hadi ishirini na sita, baada ya kikohozi. Sikukuandikia hilo. Ndipo nikataka ile ya mkono, na nikafurahi ulipoichagua wewe.

Sikuzifuta. Ziko kwenye kadi hii, peke yake. Na kitambaa chako cha buluu kimo. Nimekifua.

Kunichukia ni haki yako. Ila usimwambie Mama kabla sijaja.

Wifi yako

*

2 Agosti

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Huku goti limerudi kuuma, na binti amefaulu.

Nilisikiliza nikiwa nimesimama. Halafu siku nane nilikosea hesabu. Kazini nilihesabu mafungu ya kumi nikapata tisa, nikapata kumi na moja. Wiki tatu, wifi. Kuanzia siku ile mpaka alipoondoka zilikuwa wiki tatu. Ningemwachisha ngazi. Nisingemtuma akanibebee gesi. Jambo hili sijalimaliza na sitakudanganya kwamba nimelimaliza.

Lakini siku ya tisa niliukumbuka ule ukuta wako.

Faili haikuwa saa mbili. Ni saa mbili na dakika nne. Mkasi ni wangu. Wewe ulikuwa ndani unakula na Mama, saa kumi na moja imepita muda mrefu, na kaka yako hajaja kukaa na mgeni. Nikavuka ua, nikafungua mlango wa karakana. Maneno yangu ni haya, yamo humo neno kwa neno: "Fundi weee! Fundi! Dada yako amekuja kutoka mbali anatazamana na sahani, wewe umejifungia na hilo gitaa! Basi kaa humo humo. Siku moja utafia humo humo!" Nikabamiza mlango.

Baada ya wiki tatu nilimkuta humo humo, kichwa juu ya meza, lenzi bado jichoni.

Oktoba nilipokisikiliza kinasa kwa mara ya kwanza, kidole kiliangukia huko mwishoni, nikazima pale pale kwenye neno langu. Sikwenda mbele hata hatua moja. Nikainakili faili kwenye simu, nikaikata kwa ile programu ya kutengenezea milio ya simu, nikakutumia wewe iliyobaki. Nilitaka usinisikie. Nilikuwa nakuogopa, maana wewe ni dada yake.

Ila kinasa hakikufuta. Jana nilikitoa kwenye kopo, nikamwita Mama, nikamwambia akae. Nikapeleka mbele mpaka mlango ukabamizwa. Nikakiacha kiendelee.

Kuna kimya, saa zinatembea. Halafu anacheka, kile kicheko chake cha puani. Anasema peke yake, "Umesikia? Hivyo hivyo. Ndivyo unavyoanza." Kisha anapiga nyuzi tatu taratibu, wa kwanza chini, wa pili juu, wa tatu anauvuta mpaka unakaribia kukatika. Anarudia. Ni wimbo wa tatu, wifi. Ule uliouandika "Haina Jina". Ndivyo nilivyokuwa nikimwita kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, nikiwa nimesimama uani na mwiko mkononi: Fundi weee. Mama hakuhitaji hata kuweka sikio. Akasema, "Si nilikwambia? Ni wewe huyo, na ulivyo na kelele."

Anaupiga mpaka mwisho. Halafu anasema, "Nakuja, mke wangu. Nakuja," kiti kinalia, na kinasa kinazimwa.

Alikuja kweli. Sasa nakumbuka. Aliingia anatabasamu, nikampakulia bila kumtazama.

Nakutumia faili nzima, safari hii kutoka kwenye kinasa chenyewe, haijapita kwenye simu. Kumi na tatu ulizozikata niachie kwa ajili ya kupigia pasi. Lakini Septemba sitaki vipande. Mwambie Bwana Waya apumzike. Watu watakaokuja wakae saa mbili na dakika nne kama kaka yako alivyokaa. Wakusikie ukicheka. Wanisikie nikimtukana. Mwenye haraka aende, mlango wa barabarani uko wazi. Kwa Mama utaongea wewe mwenyewe ukifika, nimekutunzia hilo. Njoo wiki moja kabla, na uingie kwa mlango wowote.

Kitambaa nimekipata, lakini kilikuwa na ua la kushonwa pembeni na hiki hakina. Labda nimesahau.

Leo kabla ya kufunga bahasha nimejumlisha tena nyuma ya kalenda: nyimbo zako kumi na tatu, dakika zenu kumi na moja, na zangu nne. Nimerudia mara tatu. Zinapungua sekunde tisa kufikia urefu wa kinasa. Sijui zimebaki kwenye mkasi wako au kwenye wangu.

Safari hii siulizi.

Wifi yako, mwenye kelele